Matokeo ya Mchumi

Mimi nimekaa na watu wa kila namna. Gesti yangu ya Msamala, hapa Songea, imelaza wakaguzi, mapadre, waganga wa kienyeji, timu nzima ya mpira iliyofungwa ikalia mpaka asubuhi, na mheshimiwa mmoja aliyeondoka na taulo. Niliishia darasa la nne, na hilo nalisema bila kuona haya, maana leo waliosoma wakamaliza wanakuja kwangu kuomba kazi ya kusimamia mashine zangu za kusaga. Lakini kati ya wote waliopita mikononi mwangu, hakuna aliyenikaa kichwani kama Mchumi. Jina lake analo na ukoo wake upo, waulizwe wao. Mimi nitamweleza yule niliyemjua, aliyekula chapati za mke wangu baada ya kuzipima.

Kuzipima, ndiyo. Alikuwa na mzani mdogo wa kuning'iniza, wenye ndoano, kama ule wa wachuuzi wa samaki, akautembeza kiunoni kama mwindaji na kisu chake. Asubuhi ya pili tangu afike kwangu, alitundika chapati kwenye ndoano, akakunja uso, akasema kwa upole kabisa, "Mama, ya leo ni nyepesi kuliko ya jana."

Mke wangu alikuja kunikuta uani. "Baba Nuru, mwambie mgeni wako, akitaka chapati zinazolingana akaoe mashine."

Nilimfikishia ujumbe kama ulivyo. Mchumi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akapima ya tatu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Waliokuwepo wanakumbuka: jana ulikuwa unaficha sabuni chini ya kitanda, leo unaipanga barazani na kuipigia kelele. Mimi ndipo nilipotokea. Wenzangu walikuwa bado wanaulizana kama ni mtego, mimi tayari nina vyumba vinne vya tofali za kuchoma na pikapu yenye mlango mmoja lakini inayotembea. Mchumi aliikodi pikapu hiyo misimu miwili, na dereva nikiwa mimi mwenyewe. Kwa hiyo haya sikusimuliwa, nilikuwepo.

Alikuwa ametumwa kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya mbolea. Wakati ule serikali ilikuwa inamlipia mkulima sehemu ya bei ya mbolea ya chumvichumvi, na bila mbolea hiyo udongo wetu wa Songea unakupa magunzi yenye meno mawili matatu kama mdomo wa bibi. Sasa wakubwa, pamoja na wafadhili wao, wakawa wanaulizana: fedha hii inasaidia au inapotea bure? Mchumi ndiye aliyepewa kazi ya kujibu, tena ajibu kwa namba. Akisema inasaidia, ruzuku inabaki. Akisema haisaidii, inaondolewa, kila mkulima na lake. Yule bwana mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu, alikuwa ameshika koo la mahindi ya mkoa mzima, mama yangu wa Matogoro akiwemo na shamba lake la mteremkoni. Mimi nililielewa hilo siku ya kwanza. Yeye naye alilielewa, na nadhani ndiyo maana hakunenepa.

Ukimwambia kitu ni kizuri au kibaya, alikuuliza, "Kuliko nini?" Ukisema barabara ya Namtumbo imeharibika, "Kuliko lini?" Ukisema dagaa wa Nyasa watamu, "Kuliko wa wapi?" Hakuwa anabishana. Alitaka kujua tu. Siku tulipomzika jirani yangu fundi cherehani, msemaji wa familia akasimama akasema marehemu alikuwa mtu mwema sana. Nikamsikia Mchumi pembeni yangu anavuta pumzi. Nilimkanyaga mguu kwa kisigino, nikauacha pale mpaka sala ya mwisho.

Padre ndiye aliyemweza. Jumapili moja alihubiri kwamba tulisali na mvua ikanyesha. Baada ya misa Mchumi akamfuata pale mlangoni, kofia mkononi. "Baba Padre, naomba kujifunza. Ipo parokia ambayo haikusali, tukalinganisha?"

"Ipo," Padre akasema. "Ndiko huko ulikotoka."

Tabia yake ya pili ilikuwa kura. Mfuko wake wa shati haukukosa kizibo cha soda. Aliniambia kwamba binadamu akichagua, anachagua kwa upendeleo hata kama hajui, ila kura haina upendeleo. "Kura haina mjomba," ndivyo alivyosema, akalirudia neno hilo kila mahali tulipokwenda, mpaka wauza maandazi wa stendi wakawa wanamsalimia nalo.

Yeye mwenyewe aliliishi. Alikuwa na kipandauso kilichomjia mara kwa mara. Mtu mwingine angemeza dawa akalala. Yeye alitaka kujua kama dawa inasaidia kweli au kichwa hupoa chenyewe. Basi kila kilipomshika alirusha kizibo: kikilala chali anameza, kikilala kifudifudi anavumilia, kisha anaandika kilichotokea. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani, macho mekundu, kidonge kiko juu ya stuli mbele yake, na glasi ya maji tayari.

"Meza basi, mzee!"

"Kura imekataa."

"Kura gani? Kizibo hicho umekirusha mwenyewe!"

"Kijana," akasema, amefumba macho, "nikimeza kila ninapoumwa, nitajuaje kama ni dawa?"

"Utajua kwa kupona!"

"Kuliko nini?" akasema kwa taabu, akajilaza.

Alipopata malaria, mke wangu hakungoja kizibo. Alimbana kichwa kwapani kama mtoto, akamnywesha klorokwini, akamshika pua mpaka ameze. Alipopata nguvu alimnunulia mke wangu khanga nzuri sana ya kumshukuru. Jioni yake nikamsikia akimnung'unikia jikoni, "Lakini mama, umeniharibia jaribio."

"Msiba ndio niliokuharibia," mke wangu akamjibu. "Sogeza mguu nifagie."

Usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Alikuwa anahubiri soko usiku na mchana: bei iachwe, itembee yenyewe, itajitafutia kimo chake. Mimi nilimwelewa kwa sababu ndicho nilichokuwa nafanya. Lakini yeye mwenyewe kupatana bei alikuwa hawezi. Alizunguka soko zima akiuliza bei ya fungu la nyanya, akatafuta wastani, halafu akarudi kwa mama mmoja wa Msamala anayeuza rahisi. Badala ya kununua ashukuru Mungu, akaanza kumpandishia.

"Mama, unauza chini ya wastani."

"Basi nipe hiyo hiyo niliyosema, mwanangu, nyanya zinaoza."

"Hapana, unajipunja. Ongeza."

Yule mama alinitazama mimi, kama anauliza kuna mgonjwa hapa? Nikamkonyeza: ongeza. Akaongeza. Wiki mbili baadaye wauza nyanya wote wa Msamala walikuwa wameshamjua, wanamgombea kama bwana harusi, kila mmoja anaanza chini apandishwe. Na mwezi uliofuata nikamkuta Mchumi mezani amejishika kidevu. Kasema bei ya nyanya Msamala imepanda ghafla, na yeye haoni sababu, mvua ilikuwa nzuri, barabara imefunguka. "Lazima kuna kitu kimeingia sokoni," akaniambia.

"Kimeingia kweli," nikamwambia. "Kina miwani."

Hakucheka siku hiyo. Alifuta kurasa tatu za hesabu zake.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Upande wa njia ya Namtumbo kulikuwa na vijiji viwili vinavyotazamana, katikati kijito cha kuvuka kwa mawe. Mimi nitaviita Juu na Chini. Vilikuwepo vingine katika kazi ile, lakini hapo ndipo tulipoenda zaidi, na mambo ya vingine yalikuwa ni hayo hayo. Mpango wa Mchumi hata mtu wa darasa la nne anauelewa: kijiji kimoja kipewe mbolea bure misimu miwili, kingine kingoje. Mwisho yapimwe mahindi ya huku na ya kule. Tofauti itakayoonekana ndiyo kazi ya mbolea. Baada ya hapo namba zinakwenda kwa wakubwa, na zikiwa nzuri, ruzuku inabaki kwa wote, Juu na Chini na Ruvuma nzima. Aliwaeleza hivyo kwenye uwanja wa mpira wa shule, akaeleza taratibu, kijiji kizima kimekaa kwenye majani.

Nani apewe, nani angoje? Kura. Vizibo viwili ndani ya kofia yake, na aliyeitwa kuchomoa alikuwa mama mmoja wa Juu, mpika ugimbi maarufu, mwenyekiti wa akina mama, sauti yake ikianza kijitoni inamalizikia Matogoro. Pombe yake ndiyo iliyokuwa inalimisha mashamba ya pande zote mbili: leo wanakutana kwa huyu wanalima, wanakunywa, kesho kwa yule. Alichomoa. Juu wakapata mbolea.

"Msinung'unike," Mchumi akawaambia wa Chini. "Kura haina mjomba."

"Kweli haina," yule mama akasema. "Sisi tunao."

Uwanja mzima ukacheka. Mchumi naye akacheka, akafuta miwani.

Njiani nilimwambia. Nasema wazi nilimwambia, asije mtu akasema dereva alinyamaza. "Mzee, watu wale wameoana. Wa Juu wameoa Chini, wa Chini wameoa Juu. Pale kila mtu ni mlamu wa mtu."

"Shemeji, unamaanisha?"

"Ndiyo, shemeji. Mlamu."

Akafikiri kidogo. "Ndoa haibadilishi udongo," akasema. Nami nikakanyaga mafuta, maana aliyekuwa amesoma alikuwa yeye.

Sharti aliloliweka lilikuwa moja tu. Wasiuze. Alikuwa na hofu ya wafanyabiashara, hofu ya watu kama mimi, kwamba mbolea ya bure itaishia sokoni. Wa Juu waliapa. Na kila tulipokwenda, swali lake la kwanza baada ya shikamoo na marahaba lilikuwa hilo.

"Mmeuza?"

"Hata punje, baba."

"Kweli kabisa?"

"Tuuze sisi ni wahuni?"

Akaandika, akaridhika. Mimi nilipomaliza kushusha mbolea nilikuwa naondoka na biashara zangu za Mbamba Bay, narudi kumchukua, kwa hiyo ya shambani sikuyaona. Ila mahindi niliyaona, yalistawi kijani cha kutisha. Huku na kule.

Ukaja mwisho wa msimu wa pili, siku ya kupima. Mzani mkubwa ulitundikwa kwenye mwamba wa goli la uwanja wa Juu. Gunia kwa gunia, shamba kwa shamba, Mchumi anasoma, karani wake anaandika. Wakahamia goli la Chini, wakapima tena. Jioni Mchumi akakaa na karatasi zake kwenye bodi ya pikapu, akahesabu, akafuta, akahesabu. Ya Juu na ya Chini yalikuwa sawa. Si kukaribiana. Sawa, kama mapacha.

Akaamini mzani umeharibika. Akanitundika mimi. Ndiyo, mimi, mtu mwenye gesti, nilining'inia kwenye goli la Juu kwa mikono miwili huku watu wakinishangilia, halafu tukavuka kijito nikaning'inia kwenye goli la Chini. Uzito ule ule.

"Mzani mzima," akasema kwa huzuni.

"Na mimi mzima," nikasema, "ila bega."

Siku ile hakula. Alikaa barazani kwangu na sahani ya ugali na mboga ikapoa mbele yake. "Mbolea haisaidii," akasema mwisho.

"Mzee! Hata kuku anajua mbolea inakuza mahindi."

"Kuku hajapima. Mimi nimepima misimu miwili."

"Ukiandika hivyo, ruzuku inaondoka."

"Najua."

"Mama yangu analima Matogoro."

"Najua, kijana. Nimekula mahindi yake." Akaisukuma sahani. "Nikianza kuandika ninachokipenda badala ya nilichokipima, basi mimi ni muuza maneno tu."

Kabla ya kuondoka alitaka kuwaaga wenyeji wake. Tukaenda. Na safari hii vijiji vyote viwili vilikuwa vimekusanyika uwanjani, wamevaa nguo za misa, ugimbi umeiva, ngoma iko juani inakazwa ngozi. Tukafikiri ni shukrani. Mchumi akatoa hotuba fupi, sauti imekauka. Alipomaliza, mama wa ugimbi akasimama.

"Baba, tumekushukuru. Sasa tunaomba matokeo."

"Matokeo gani, mama?"

"Ya mtihani. Tumefaulu?"

Mchumi akanigeukia. Hapa nieleze kwa asiye wa kwetu. Bibi zetu wakitaka kumjua mjukuu, humpa mmoja hindi la kuchoma mbele ya wenzake, kisha wanajifanya wanasinzia. Jicho moja liko wazi. Mtoto akila peke yake, basi, ameshajulikana, na atasimuliwa mpaka aoe. Mimi mwenyewe nilipewa hindi hilo, na niligawa, japo punje za mwisho zilichelewa kunitoka mkononi. Sasa akaja mtu mzima, msomi, na gari, na miwani, akawapa mbolea wa Juu mbele ya macho ya walamu zao, kisha kila akija anachungulia na kuuliza. Wangeelewa nini kingine?

"Tulielewa tangu siku ile ya kofia," mama akaendelea kwa furaha. "Tukasema, huyu anatupima kama tu wachoyo. Tukapima mbolea kwa kopo. Kopo huku, kopo kule. Hatukupunja hata nyumba ya mjane."

"Kweli tupu!" wa Chini wakaitikia. Mzee wao mmoja akainuka. "Andika, baba. Wametugawia mpaka kopo la mwisho. Mahindi umeyaona mwenyewe, si yalikuwa sawa? Ndiyo ushahidi."

Mchumi alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa pale alipokuwa amesimama, kwenye alama ya penalti.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulituuliza kama tumeuza," mama akasema. "Tuliuza?"

"Hamkuuza."

"Basi. Tumefaulu au hatukufaulu?"

Watu elfu nzima, ndivyo nilivyowaona mimi, wamemkodolea macho. "Matokeo bado," Mchumi akasema. Wakapiga makofi hata hivyo, ngoma ikalia, na mimi nilikunywa kwa niaba yake.

Njiani nilimpa ushauri wa mtu mwenye akili. Nilimwambia, andika mbolea inasaidia, umemaliza, nani atayapima tena mahindi yaliyokwishaliwa? Alinitazama kama nimemwambia amuuze mama yake. Nikamwambia basi andika haisaidii kama namba zinavyosema, wakubwa wenyewe ndicho wanachotaka kusikia, utapandishwa cheo. Hilo nalo akalikataa, kwa sababu sasa alijua namba zile zimebeba nini. Ikabaki njia ya tatu. Kuandika kwamba jaribio limekufa, kwamba baada ya misimu miwili na fedha za watu, yeye Mchumi hajui.

"Watakufukuza," nikasema.

"Watanifukuza," akasema.

Ndicho alichoandika. Aliniambia kwa mdomo wake mlangoni mwa basi. Na walimfukuza, dereva wa ofisi yao alipita Songea akanihakikishia, akasema siku hiyo jengo zima lilisikia mkubwa wake akipiga kelele, "Hujui? Hujui?" Ruzuku ikaondolewa, kwa sababu asiyekuwa na namba ya kuitetea hana mdomo. Mimi nikaanza kuleta mbolea kwa lori na kuiuza kwa bei iliyojitafutia kimo chake, na kimo chake kilikuwa kirefu. Wengi waliishia kuishika, kuinusa na kuirudisha. Mama yangu akahamia samadi ya mbuzi. Kule Juu na Chini wengi wakageukia tumbaku.

Miaka ikapita mingi. Nikajenga, nikanunua gari lenye milango yote. Siku moja naitwa mapokezi, namkuta mzee mwenye mvi amesimama na begi dogo. Nikamjua kabla hajageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umenenepa."

"Nimefanikiwa," nikamsahihisha.

Alikuwa amestaafu ualimu wa chuo huko alikokimbilia baada ya kufukuzwa. Hakuomba chumba kwanza. Aliomba nimpeleke Juu. Akasema kuna jambo amewaficha watu wale, na hataki kufa nalo: kwamba ukarimu wao ndio uliowanyang'anya mbolea. Wana haki ya kujua. Nikamwambia mzee, achana nao, wamesahau.

Hawakuwa wamesahau. Kule, mvua ikichelewa wanasema imekuwa matokeo ya Mchumi. Bwana harusi akichelewa, matokeo ya Mchumi. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanalisema bila kujua lilikotoka. Mama wa ugimbi tulimkuta ukumbini kwake, kilemba cheupe, mwili umeongezeka, sauti haijapungua.

"Umeyaleta?" ndiyo salamu yake.

"Nimeyaleta, mama."

Watu wakajaa. Mchumi akavua kofia, akaeleza wima, bila kuzungukazunguka. Kama misimu ile miwili wangekula peke yao, mahindi ya Juu yangeyazidi ya Chini, angekuwa na namba ya kupeleka, na huenda mbolea ingebaki kwa wote mpaka leo. Kwa kuwa waligawana, hakuwa na la kupeleka.

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo tulifeli." Mwingine akatema mate pembeni. Nikaanza kupima kwa jicho umbali wa kutoka pale mpaka kwenye gari.

Mama akasema, "Haya, baba, tumesikia. Sasa waiteni na wa Chini. Waambie na wao kama ulivyotuambia sisi. Matokeo ni ya wote."

"Mama, wale nao..." Mchumi akajaribu.

"Waiteni."

Wakaitwa. Walivuka kijito taratibu, wengine na watoto mgongoni, wengine na fimbo, yule mzee wao wa siku ile amebebwa na wajukuu wawili. Wakasalimiana na wa Juu kwa mikono, mmoja mmoja, na utani wao wa kilamu, na salamu hazikuisha upesi. Wakakaa. Mchumi akasimama tena mbele yao, kofia kifuani.

"Ndugu zangu," akaanza. "Kama wenzenu hawa wangewanyima..."

Akakwama. Alikuwa anamwangalia yule mzee, na mzee anamwangalia yeye, mkono uko sikioni asikie vizuri.

"Sema, baba," mzee akamhimiza. "Wangetunyima, ingekuwaje?"

Mimi nilijua maneno yaliyokuwa yanafuata. Nilikuwa nimetoka kuyasikia muda mfupi tu, na njia nzima kutoka Msamala alikuwa akiyarudia peke yake kama mtoto anayekwenda kusimama mbele ya darasa. Mchumi akatazama Juu, akatazama Chini.

"Kama wangewanyima," akasema, "mngefeli wote."

Vigelegele vilivyopigwa pale, mimi na mali zangu zote sijapigiwa hata siku ya harusi yangu.